Wokovu wa neema hauna salio la kulipa

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bagamoyo, nakaanga samaki pale ufukweni karibu na mnada. Niliokoka miaka sita iliyopita. Tangu mwaka jana mambo yamekwenda kombo. Mashua ya mume wangu ilipinduka wakati wa kusi; yeye aliokolewa na wavuvi wenzake, lakini mashine ilizama. Mtoto wetu wa pili, ana miaka tisa, ana selimundu na mwaka huu amelazwa mara tatu. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema neema imeondoka nyumbani kwangu kwa sababu ya laana ya ukoo wa mume wangu, hivyo nitoe sadaka ya ukombozi, shilingi 300,000. Nimeshatoa laki moja, nilikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Wiki ijayo tumeambiwa tufunge siku tatu kavu, mtoto naye afunge. Mume wangu, ambaye hajaokoka, ananicheka: "Si mlisema wokovu ni bure?" Nimekosa la kumjibu. Je, ni bure au si bure? Na kama ni bure, mbona tunateseka hivi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya Biblia, maji. Mtoto asifunge. Mwenye selimundu akikaukiwa maji mwilini, chembe nyekundu za damu yake, zile zinazojikunja kama mundu, hunasa kwenye mishipa midogo na maumivu huanza. Siku moja tu bila maji inaweza kumrudisha wodini. Mpe maji ya kutosha, mpe vidonge vyake kama alivyoandikiwa, na tarehe ya kliniki isipite. Wewe ukipenda kufunga, funga. Yeye hapana.

Na hizo laki mbili zilizobaki, usilipe.

Hayo ndiyo yalikuwa ya haraka. Sasa vuta kigoda tuzungumze, maana swali la mume wako ni zuri kuliko anavyodhani mwenyewe.

Nianze na neno lenyewe. Sisi watu wa pwani neno neema tumelizoea tangu utotoni, na hapo ndipo linapotupiga chenga. Mvua ikinyesha vizuri tunasema mwaka wa neema. Kijana akirudi kutoka mjini akaezeka bati la msauzi, tunasema ameneemeka. Dagaa wakijaa, neema imeshuka. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, na katika vinywa vyetu lina harufu ya riziki, ya wingi, ya kitu kinachoshikika mkononi. Watafsiri wa Biblia walipotafuta neno la kusimama mahali pa "kharis" ya Kigiriki, walilichukua hili. Siwalaumu, sijui mimi ningechukua lipi. Lakini Paulo alipoandika neno lake hakuwa anawaza dagaa. Alikuwa anawaza fadhili anazotendewa mtu asiyestahili, na anayezitenda hana deni lolote kwake. Kufadhiliwa hivyo hata mtu aliyelala njaa anaweza.

Kwa hiyo kiongozi wenu aliposema neema imeondoka nyumbani kwako, kwa Kiswahili cha sokoni yuko sahihi. Mashine imezama, fedha hakuna, mtoto anaumwa. Neema ya namna hiyo kweli imeondoka. Kosa lake ni kuchukua neema ya sokoni na kuiweka ndani ya Waefeso 2, halafu kukudai fedha ili irudi. Hebu tusome: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu."

Angalia kitenzi. Sisi tunapenda kusema nimeokoka. Ni usemi wetu wa siku zote, nami nautumia, ila unaweza kusikika kana kwamba mtu amechomoka mwenyewe. Paulo anasema mmeokolewa. Kuna aliyeokoa. Muulize mume wako siku ile ya kusi ilikuwaje. Mimi sikuwepo, lakini nimekaa na wavuvi vya kutosha. Mtu aliyekwisha kunywa maji ya chumvi hapandi chomboni kwa nguvu zake. Anashikwa kwapa, mwingine anamvuta kwa mkanda wa kaptula, anaburutwa juu ya ukingo wa mashua hadi ngozi ya tumbo inachubuka, anatupwa ndani kati ya nyavu na kuanza kutapika. Alichochangia yeye ni uzito wake tu. Na sidhani kama nahodha alisimama juu yake kumwambia, "Sasa toa laki tatu, la sivyo tunakurudisha." Umwambie hivyo akikucheka tena. Nadhani atanyamaza kidogo.

Twende kwenye neno la pili, ukombozi, kwa sababu ndilo lililobeba jina la hiyo sadaka. Kukomboa kwa Kiswahili ni kazi ya rehani. Mama yangu aliwahi kuweka cherehani yake rehani kwa jirani ili nipate ada ya muhula. Ilikaa kule miezi minne, tukiisikia ikishonea nguo za watu wengine. Siku mjomba alipokwenda kuikomboa, alihesabu fedha mezani, akaibeba begani, akaiweka pale pale barazani ilipokuwa. Basi. Hakuna aliyekuja wiki iliyofuata kumwambia mama ailipie tena ili iwe yake kweli. Angekuja, mama angemfukuza kwa mwiko.

Na wewe unaishi Bagamoyo, mji ambao neno hili lina kovu lake. Misafara ya kutoka bara ilifikia hapo, pembe za ndovu na watu. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika wakitokea Zanzibar, wakafungua misheni, wakawa wanatumia fedha za wafadhili wa Ulaya kuwanunua watumwa na kuwaweka huru katika kijiji walichokijenga kwa ajili hiyo. Aliyenunuliwa hakujichangia. Angejichangia nini, hata mwili wake haukuwa wake? Kuna binti aliamka asubuhi akiwa mali ya mtu, jioni akalala asiye mali ya mtu, na kati ya asubuhi na jioni fedha zilizopita mkononi mwake ni sifuri.

Mfano huu una kasoro, nisikufiche. Aliyekombolewa aliendelea kuishi kwa kengele na mashamba ya misheni, na uhuru wake ulikuwa na mipaka ambayo leo tusingeikubali. Tena kumnunua mmoja hakukufunga soko. Katika Tanganyika utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1922 tu. Walimu wa kale nao walibishana sana: kama Kristo ni fidia, alilipwa nani? Wapo waliosema Shetani. Gregori wa Nazianzo, katika karne ya 4, alilikataa jambo hilo kwa ukali: mnyang'anyi alipwe kwa kipi alichokimiliki kihalali? Mimi niko upande wa Gregori. Lakini katika ubishi wao wote, hakuna aliyefundisha kwamba fidia ililipwa nusu na nusu nyingine tumalizie sisi.

Petro analisema wazi kiasi kwamba nimeshangaa mtu kuandaa sadaka ya ukombozi na kuruka mstari huu: "Nanyi mfahamu kwamba mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, mpate kutoka katika mwenendo wenu usiofaa mlioupokea kwa baba zenu, bali kwa damu ya thamani." Ni 1 Petro 1:18 na 19. Usome polepole. Fedha imetajwa. Ukombozi umetajwa. Na baba zetu wametajwa, yaani hata yale ya ukoo yamo humo ndani.

Watakuletea Agano la Kale, watasema Waisraeli walilipa fedha ya ukombozi. Ni kweli, Kutoka 30 ipo. Ila wakikusomea, waombe wafike mstari wa 15: kiasi ni nusu shekeli, matajiri wasitoe zaidi, maskini wasipunguze. Kiwango kimoja kwa mwenye ng'ombe mia na kwa mjane, na kilikuwa kwa ajili ya kazi ya hema ya kukutania. Hakikupanda kulingana na ukubwa wa shida ya mtu. Kwenu nimesikia kinapanda.

Lakini mimi hadithi ninayoipenda katika mambo haya ni ya Naamani, 2 Wafalme 5. Jemadari wa Shamu, ana ukoma, anakuja na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Huyu ni mtu aliyezoea kulipa. Elisha hata mlangoni hatoki. Anamtuma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Jemadari anakasirika, nusura aondoke, na watumishi wake ndio wanaomtuliza. Anaoga, anatakata, anarudi na mzigo wake wa fedha, na Elisha anasema: "Kama Bwana aishivyo, ambaye nasimama mbele zake, sipokei kitu." Naamani anamsihi, Elisha anakataa. Kwa nini akatae? Nabii naye anakula, na wanafunzi wake walikuwa maskini. Alikataa kwa sababu siku ambayo Naamani angelipa, angerudi Shamu akisema, "Nilinunua uponyaji Israeli, bei yake ni hii." Neema ingekuwa bidhaa. Halafu Gehazi, mtumishi wa Elisha, anamkimbilia Naamani njiani, anatunga uongo juu ya wageni wawili waliofika ghafla, anarudi na talanta mbili na mavazi mawili, anayaficha nyumbani. Ukoma wa Naamani ukamwangukia yeye. Sisemi kiongozi wenu ni Gehazi. Simfahamu, na huenda naye amefundishwa hivyo na mwingine. Ninachosema ni kwamba ile njia ya kumkimbilia mtu aliyepona, au anayetamani kupona, na kumdai, ina historia yake, na si nzuri.

Sasa laana ya ukoo. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu naona inavunja ndoa. Selimundu hairithiwi kwa upande mmoja. Mtoto huipata akipokea chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ninyi wawili kwa kawaida mnaibeba bila kuumwa, na kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kwa hiyo maneno ya "ukoo wa mume wako" yanaanguka hata kabla hatujafungua Biblia: ingekuwa laana, ingekuwa ya koo zote mbili. Na unajua kwa nini hali hii imeenea ukanda kama wetu? Mwenye kubeba chembe moja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kilichowalinda babu zenu wasife kwa homa ndicho kinachomwumiza mtoto wako leo. Nimelifikiria sana jambo hilo. Sioni laana ndani yake, naona dunia iliyovunjika, ambamo hata ngao ina makali upande wa ndani.

Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wakikusomea Kutoka 20, kizazi cha tatu na cha nne, waambie waendelee na mstari unaofuata, wa maelfu elfu wanaorehemiwa.

Umeuliza mbona mnateseka. Nikikupa jibu lililonyooka kama rula, nitakuwa nakudanganya. Mwaka wangu wa pili wa uchungaji, Pangani, nilikwenda kwa baba mmoja aliyefiwa na mtoto. Nilikuwa na majibu mengi siku hizo. Nilimwambia Mungu hapimi mtu zaidi ya uwezo wake, na labda kuna jambo alitaka kumfundisha. Hakunijibu. Alikwenda jikoni, akanimiminia chai ya rangi, akaweka na sukari, akakaa. Chai ilipoisha akasema, "Mchungaji, ukimaliza kuongea, utanisaidia kurudisha viti?" Tulirudisha viti vya msiba nyumba kwa nyumba mpaka magharibi. Nadhani viti vile vilihubiri kuliko mimi.

Kwa hiyo nitasema machache. Yesu aliulizwa juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Mnara ulianguka. Kusi lilivuma. Siku moja ukipata nafasi, wachukue watoto mpite kwenye makaburi ya misheni hapo Bagamoyo. Waliolala pale wengi walikufa wakiwa vijana, kwa homa. Miaka minne tu baada ya kufika, mwezi Aprili 1872, kimbunga kilichoipiga Zanzibar kiliharibu vibaya majengo yao. Walikuwa wamekombolewa, wakawakomboa wengine, na bado paa liling'oka. Kama neema ni paa kubaki mahali pake, basi hawakuwa nayo.

Paulo alikuwa na mwiba mwilini. Akamsihi Bwana mara tatu uondoke. Haukuondoka. Alichojibiwa ni hiki: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Ona basi, neema na mwiba vinakaa nyumba moja. Na katika Warumi 8, baada ya kusema viumbe vyote vinaugua kama mwenye utungu, anasema "tuliokolewa kwa taraja." Wokovu tumeshaupata, na mengine bado tunayangoja: mwili usiouma, bahari isiyoua. Ukiniuliza kwa nini tungoje muda mrefu hivi, mimi nami namuuliza Mungu swali hilo hilo, hasa usiku.

Mume wako akigeuka upande wa pili akasema, "Basi kama ni bure, kaeni tu, fanyeni mtakavyo," hilo nalo Paulo alilisikia. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Mrudishe baharini. Waliomvuta yeye, kesho yake wakipinduka, je, atakaa barazani akicheza bao? Hatakaa. Atakimbia na kamba. Si kwa sababu analipa deni, hawakumdai. Atakimbia kwa sababu anajua maji ya chumvi puani yakoje. Yakobo anaposema imani pasipo matendo imekufa, mfano wake ni ndugu aliye uchi na mwenye njaa ambaye tunamwambia nenda ukaote moto ukashibe, bila kumpa kitu. Hazungumzii kununua wokovu.

Huenda ukaambiwa haya ni ya Kilutheri tu, kwa kuwa mimi ni Mlutheri. Sivyo. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika ya Kaskazini walikutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagio, aliyesema mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa nguvu zake mwenyewe. Na mwalimu aliyepigana naye sana alikuwa Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Wakatoliki na Walutheri tuligombana vibaya kuhusu namna neema inavyofanya kazi, lakini tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg tulitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote yake. Tofauti zimebaki, nyingine kubwa. Hilo la kulipia, hapana.

Sadaka sijaikataza. Toa. Ila Paulo anasema kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Ya kukopa kausha damu ili mtoto apone ina vyote viwili, huzuni na lazima. Na kutoa kwenyewe ni shukrani, kwa hiyo huja baada ya kupokea, na hutolewa kwa kadiri ya ulicho nacho. Ukiuza samaki vizuri Jumamosi ukatoa elfu mbili ukiwa unaimba, imetosha.

Kwa kiongozi wako usiende na hasira, wala usimwendee mbele ya kikundi. Mfuate kwake jioni, mwamkie kama kawaida, mwambie: "Nimesoma 1 Petro 1:18, nimeona ukombozi wangu haukulipwa kwa fedha, kwa hiyo sitaendelea na ile sadaka. Mtoto ana dawa, hatafunga. Naomba mniombee." Kama ni mchungaji wa kweli, ataomba nawe papo hapo. Akikutisha kwamba yatakupata makubwa zaidi, tafuta kusanyiko lingine. Bagamoyo hamkosi, na popote utakapokwenda anza kwa kukaa benchi la nyuma usikilize kwanza wanavyoongea na wagonjwa.

Ile laki moja sidhani kama utarudishiwa, ingawa kuuliza si ujinga. Deni la kausha damu ndilo linalonisumbua, kwa sababu linakua ukiwa umelala. Kila siku jioni ukimaliza kuuza, toa kwanza ya mafuta na kuni, kisha ya deni, ndipo mengine. Mweleze mume wako kiasi chote, usimfiche hata shilingi. Atafoka. Akimaliza kufoka mpeni mtoto maji.